Turubai, bembea au mfuko wa foili: ubebe nini kwa usiku mmoja porini?

Saa tisa usiku, mwezi wa saba, ukingoni mwa msitu juu ya Lushoto, nilikuwa nimejikunyata juu ya begi langu la mgongoni kama kuku anayeatamia. Turubai lilikuwa limefungwa barabara, tena jioni nilikuwa nimejisifu kwa kazi hiyo. Hakuna tone lililopenya. Sweta ninayo, shuka ya Kimasai ninayo. Kilichonitoa usingizini kilitoka chini: ardhi ilikuwa ikininyonya joto taratibu, ikaanza na kiuno, ikaja kwenye mabega, hadi meno yakaanza kugongana.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza abebe nini cha kujisitiri, namrudishia swali: utalala juu ya nini? Wengi tunafikiria paa kwanza. Paa ni nusu ya kazi.

Hapa nalinganisha vitu vitatu vinavyoingia kwenye begi dogo la matembezi ya siku moja: turubai na kamba zake, bembea ya kulalia yenye chandarua, ambayo wengine huiita hamoki, na mfuko wa dharura wa foili, ule unaong'aa kama karatasi ya kufungia samaki wa kuoka. Hema nimeliacha kwa makusudi. Ni zuri, sina ugomvi nalo, ila aliyebeba hema ameshajipanga. Ninayemwandikia ni yule anayetaka kuonja usiku mmoja wa nje akiwa na vitu vichache, au anayetembea mchana huku akijua kwamba giza linaweza kumkuta njiani.

Vya kupima kabla ya kununua

Kwanza, ardhi. Mwili uliolala hupoteza joto kwa kugusana na kilicho baridi, na ardhi haitapata moto hata ukiilalia mpaka asubuhi. Pili, mvua na upepo. Hivi viwili navihesabu kama kitu kimoja, kwa sababu maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 haraka kuliko hewa, na upepo ukizipitia nguo zilizolowa mtu anaweza kuzidiwa na baridi hata kipimajoto kikiwa kinasoma nyuzi 10. Tatu, viumbe: mbu, siafu, kupe, nge, na wale wakubwa. Nne, mikono yako: je, utaweza kukifunga gizani, mvua inanyesha, vidole vimekufa ganzi? Mwisho ni uzito na bei.

Mambo mawili ya kwetu yaingie kwenye hesabu hiyo. La kwanza ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Tanga mjini watu wanajipepea kwa gazeti. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, wamevaa makoti. Na katika vilele vya msitu wa Magamba, vinavyopita mita 2,000, utatamani makoti mawili. La pili ni urefu wa usiku. Maelezo mengi ya kulala nje yameandikwa Ulaya na Marekani, na yanazungumzia kiangazi chao ambacho usiku wake ni mfupi. Wetu ni wa saa 12 karibu mwaka mzima. Ukilala saa mbili kwa uchovu, kufika saa nane umeshashiba usingizi, na baridi yenyewe bado haijafika. Kali huja kuelekea macheo, wakati chakula cha jioni kimeshakwisha tumboni.

Vifaa vingine nimevifanya viwe sawa kwa vyote vitatu: kisu, tochi ya kichwa, filimbi, lita mbili za maji, karanga au kashata, kiberiti cha gesi pamoja na njiti chache ndani ya kichupa cha dawa, sweta ya sufu ya mtumba, soksi kavu, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli chenye urefu wa kidole. Mpira huo huwaka hata ukiwa umelowa. Moshi wake unanuka vibaya sana, lakini ndio utakaokupa moto kuni zinapokataa. Hata hivyo moto siuhesabu kama njia ya kujikinga usiku. Kwenye misitu ya hifadhi hauruhusiwi kuwashwa ovyo, na pale unaporuhusiwa, ukisinzia unazimika.

Turubai

Kwa ardhi, turubai peke yake halikusaidii kitu. Ndilo lililonikalisha juu ya begi. Dawa niliipata safari iliyofuata, na haikunigharimu chochote: viroba viwili vitupu vya unga, vile vya kilo 25, nilivyovikunja na kuvitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Ukifika unavijaza majani makavu. Karibu na mashamba, majani makavu ya mgomba ndiyo bora, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Pasipo na migomba, nyasi kavu au majani yaliyokwisha dondoka. Kabla ya kuyatia ndani yakung'ute, kwa sababu nge naye anapenda mahali pakavu. Jaza mpaka kiroba kikatae kufungwa mdomo, kisha kilalie, kinyanyue, uongeze tena. Kinachotakiwa ni shibiri moja ya unene baada ya kulaliwa. Kimoja kikae chini ya mabega na mgongo, cha pili chini ya kiuno na mapaja. Miguu itaridhika na begi. Bibi zetu walilalia magodoro ya namna hii miaka mingi, sisi tumeyaita ushamba, na leo tunanunua mikeka ya sponji ya kukunja. Ndani ya hifadhi, usichume wala kuzoa majani. Jaza viroba kabla ya kuingia, au beba sponji.

Mvua na upepo ndiko nyumbani kwa turubai, mradi ulifunge chini. Kosa la wanaoanza ni kulifunga juu kama banda la harusi. Kamba kuu ipite usawa wa kiuno kati ya miti miwili, upande unakotoka upepo ushuke mpaka uguse ardhi, na upande wa pili uachwe wazi kiasi cha kuingia kwa kuinama. Ukubwa wa mita 3 kwa 3 unamtosha mtu mmoja na mzigo wake, na wawili wakipatana. Na kuna ufundi mdogo ambao nimeuona ukiokoa usiku mzima: kila upande, nje kidogo ya turubai, funga uzi mfupi kwenye kamba na uuache uning'inie. Maji yanayotambaa juu ya kamba yakifika hapo yanashuka na uzi huo, badala ya kukufuata kitandani.

Viumbe hawazuiliki. Turubai ni paa tu, kwa hiyo chandarua kiandae peke yake, hasa nyanda za chini, kwani mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri. Siafu nao hawabishi hodi. Msimu wa mvua, kagua ardhi hatua kumi kila upande kabla ya kutandika.

Mikono: linahitaji mazoezi. Si mengi, jioni mbili tatu uani zinatosha, lakini ukiruka hapo utajifunzia mvuani. Bei yake ni nafuu, maana maturubai ya bluu yamejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na hudumu miaka. Uzito ni kilo moja hivi kwa aina ya kawaida, na kama nusu yake kwa yale mepesi ya nailoni.

Linamfaa mtu mwenye subira na mikono isiyochoka haraka, anayetembea sehemu zenye mvua, na ambaye hataki kununua kitu kila mwaka.

Bembea yenye chandarua

Ukiingia ndani ya bembea mara ya kwanza, unacheka. Hakuna jiwe mgongoni, hakuna mzizi ubavuni, hakuna mteremko wa kukuvingirisha. Ardhi umeikwepa kabisa. Tatizo ni kwamba umebadilishana adui: sasa ni hewa inayopita chini yako usiku kucha. Hata ukiwa na mfuko mzuri wa kulalia, sehemu iliyo chini ya mwili inabanwa na kuwa nyembamba, na joto linatorokea hapo. Pwani hilo ni neema. Nimelala kwenye bembea karibu na Pangani, kati ya mivinje miwili, upepo wa bahari ukipita chini, na nisingebadilishana na kitanda cha hoteli. Milimani upepo huohuo ni adhabu. Kuanzia mita 1,500 hivi kwenda juu, ndani ya bembea pawe na mkeka wa sponji au blanketi nzito chini ya mgongo, laa sivyo saa nane ya usiku utakuwa unahesabu nyota.

Kwa mvua, bembea haijitoshelezi. Inahitaji turubai juu yake. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika na uzito. Bembea ni nyepesi, ndiyo, lakini ukiongeza mikanda, turubai na mkeka, begi limeshapita la jirani yako aliyebeba turubai na viroba vyake viwili.

Kwa wadudu haina mpinzani. Chandarua kilichoshonwa pamoja na kitambaa humwacha mbu nje, na nge, kupe na siafu wa ardhini wanakupita kwa chini, ingawa siafu akiamua kupanda mti, kamba yako ni daraja. Kwa wanyama wakubwa usijidanganye. Kuning'inia nusu mita juu ya ardhi hakumzuii chui wala fisi, na tembo ukimfungia bembea njiani kwake umemwekea kikwazo tu.

Mikono inahitaji kujua mambo machache, na mti kwanza. Miti iwe hai, minene kuliko paja, umbali wa hatua tano hadi sita. Tazama juu kabla ya kufunga: mkaratusi una tabia ya kuangusha matawi bila taarifa, na mnazi hauhitaji maelezo kwa mtu wa pwani, ila watu wa bara huwa wanasahau. Tumia mikanda mipana, maana kamba nyembamba hukata gome. Iache ilegee, ukiivuta ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, itakubana mabega na kuvuta mikanda kwa nguvu kubwa. Ukikaa katikati, nyayo zote mbili ziguse chini. Kisha lala mshazari, kichwa kulia miguu kushoto au kinyume chake, na mgongo utanyooka.

Pasipo miti, bembea ni kipande cha kitambaa tu. Nyanda za juu kabisa za Aberdare au Kilimanjaro, ambako msitu umeshaisha, usihangaike nayo.

Inamfaa mtu wa pwani na misitu ya chini yenye joto, anayechukia wadudu kuliko anavyochukia baridi, na anayelala chali bila kugeuka sana. Anayelala kifudifudi aiazime kwanza kwa rafiki.

Mfuko wa foili

Hiki ni kitoto cha anga za juu. Utando wake, plastiki nyembamba iliyopakwa aluminiamu, ulitengenezwa kwa ajili ya NASA mwaka 1964, na kazi yake ni kurudisha joto linalomulika kutoka mwilini. Blanketi lake halizidi ngumi likikunjwa na lina gramu 60 hivi. Mfuko unaoingia mwili mzima una uzito zaidi kidogo. Ukiweza kuchagua, chukua mfuko. Blanketi linapeperushwa, linavuka kando, na saa zote uko kwenye kazi ya kulifukuza.

Ardhi ni udhaifu wake mkubwa, na matangazo hayausemi. Foili hurudisha joto linalomulika, lakini joto linalotoka kwa kugusana linapita kana kwamba hakuna kitu. Ukijilaza kwenye udongo wenye baridi ndani ya mfuko unaong'aa, mgongo wako haujui kama NASA ipo. Rudi kwenye viroba vya majani, au kalia begi, kamba, viatu, chochote kilicho kikavu.

Mvua na upepo inaizuia vizuri kwa jinsi ilivyo nyembamba. Ila inazuia pande zote mbili: jasho na pumzi yako vinabaki ndani, vinageuka matone, na asubuhi unatoka umelowa bila mvua kunyesha. Acha mdomo wa mfuko wazi, toa uso nje, usipumulie ndani. Mtoto mdogo usimfungie humo peke yake.

Chandarua hakuna. Kelele zipo: ukijigeuza, unasikika kama mtu anayefungua pakiti ya biskuti katikati ya mahubiri, na mwenzako wa pembeni atakuchukia kabla ya saa sita. Tobo dogo likitokea linakimbia kama soksi ya nailoni, kwa hiyo uuhesabu ni wa usiku mmoja, labda miwili.

Lakini mikono! Hapa unawashinda wote. Hauna fundo, hauna kigingi, haudai mti. Mtu aliyeteguka kifundo cha mguu, anayetetemeka, asiyewahi kulala nje maisha yake yote, anaufungua na kuingia. Na ukimulikwa kwa tochi, unaonekana kwa mbali na wanaokutafuta. Bei ni ndogo, tatizo ni kuupata. Nje ya miji mikubwa hauuzwi. Wapo wanaoubadilisha kwa mfuko mkubwa mnene wa takataka, na unafanya kazi ya mvua vizuri tu, ila Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo uliza kwanza ni ipi inayoruhusiwa kabla hujajikuta unajieleza mpakani au getini.

Unamfaa asiyepanga kulala nje: mwalimu anayepeleka wanafunzi mlimani, mkimbiaji wa njia za milima, bodaboda wa njia ndefu. Kwa anayetaka kulala nje kwa raha, ni wa akiba.

Kile ambacho hakuna kati ya vitatu kinachokitatua

Mahali. Usiku ule wa Lushoto, kabla hata sijafunga turubai, mzee mmoja aliyekuwa akirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe alisimama kututazama, mimi na wenzangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Ndo mnalala hapa?" Tukamjibu ndiyo. Akaangalia kile kibonde tulichokipenda kwa sababu kilikuwa tambarare. "Hapa baridi inashukia. Bora mngesogea pale juu, penye mawe."

Hatukusogea, kwa uvivu. Baadaye nilikuja kuelewa: hewa ya baridi ni nzito, usiku hutiririka mteremko kama maji na kutuama bondeni, umande nao hufuata. Hatua 30 za kupanda zingenipa kilo nzima ya blanketi bure.

Kwenye nyanda za wanyama, mahali ni suala la uhai. Usilale ukingoni mwa mto wala kwenye njia iliyokanyagwa kuelekea maji, kwa sababu kiboko hutoka usiku kwenda kula na hapendi kukuta mtu kati yake na maji. Kwenye hifadhi za taifa unalala pale palipotengwa tu. Mlima Meru haupandwi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, na sababu ni nyati. Misitu iliyo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ina ada na taratibu zake. Ulizia ofisini kabla ya kupanda. Hata kwenye ardhi ya kijiji, piga hodi kwa mwenyekiti au mtendaji. Mgeni anayekutwa amelala porini bila kujulikana na mtu atahojiwa kwanza na kueleweka baadaye, tena na watu wenye marungu. Acha na jina la njia na saa ya kurudi kwa mtu wa nyumbani. Filimbi tatu mfululizo, kimya, kisha tatu tena, ni wito wa msaada. Namba 112 inafanya kazi Tanzania na Kenya, kama mtandao upo.

Kwa hali yako

Kama unakwenda Usambara, Uluguru au Kinangop kati ya Juni na Agosti, fikiria turubai na viroba, na uweke mfuko wa foili chini ya begi kwa ajili ya saa kumi ya alfajiri. Wakati wa masika, hata sehemu za joto, turubai linabaki na nguvu, ila chandarua kiwe nalo.

Kama ni pwani, au msitu wa chini wenye miti mizuri, na hutarajii mvua kubwa, bembea itakupa usingizi wa kweli kuliko vyote. Kama mvua haieleweki, hesabu uzito wa turubai la juu kabla hujaichagua.

Kama hukusudii kulala nje na unataka tu usife njiani, mfuko wa foili na kiroba kimoja vinatosha na havitakuchosha. Ukiwa na watoto, kila mmoja awe na mfuko wake, na mtu mzima abebe turubai moja la wote.

Kama fedha ni kidogo sana, anza na viroba. Karatasi nene ya nailoni ya dukani, mita nne, pamoja na kamba ya katani, itashika mvua ya usiku mmoja kama turubai.

Na kama bado huna uhakika, usinunue. Azima, ulale uani kwako, saa iite saa kumi alfajiri. Ukiamka, kabla hujainuka, jipapase uone ni wapi palipopoa kwanza. Kama ni kiuno, majani hayakutosha. Kama ni mgongo wote na ulikuwa kwenye bembea, unahitaji mkeka. Kama ni kifua na sweta imelowa wakati mvua haikunyesha, ulifunga mdomo wa mfuko. Kama ni vidole vya miguu tu, vaa zile soksi kavu, urudi kulala.